Laini Mbovu na Gari la Mwalimu Breki

Mama Subiri alistaafu akiwa na sikio zuri na goti bovu. Goti hakujua alilitoa wapi. Sikio alilipata kazini, kwani kwa miaka thelathini na moja alikaa katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mapokezi ya hospitali kubwa, akiunganisha simu. Kila aliyepiga aliambiwa "subiri kidogo", na watu walisubiri kweli, wengine mpaka wakapona kabla hawajaunganishwa na daktari. Jina lake halisi likamezwa na hilo neno. Hata kadi ya kumuaga iliandikwa "Kwa Mama Subiri wetu", naye hakukasirika, maana alijua hakuna hata mmoja pale ofisini anayekumbuka jingine.

Kwa sikio hilo alikuwa balaa. Ukikohoa tu kwenye simu alijua wewe ni daktari wa mifupa, na kwamba asubuhi umetoka nyumbani bila kuagana vizuri na mkeo. Sasa kalitie sikio la namna hiyo ndani ya nyumba ya vyumba viwili isiyo na mtu. Mume waliachana kwa amani tangu binti yao akiwa darasa la tatu, na binti mwenyewe alikuwa ameolewa mji mwingine. Wiki ya kwanza ya kustaafu Mama Subiri alisikiliza jokofu. Ya pili akalijibu.

Binti alipopigiwa simu na kuelezwa kwamba jokofu lina kifua, akaona mambo yanaharibika. Jumamosi akaja na boksi la viatu lililotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na vifaranga wanne wakubwa-wakubwa, wameanza kuota manyoya.

"Mama, hawa wote ni majike. Muuzaji ameniapia."

"Ameapa kwa nini?"

"Kwa macho yake."

"Basi tuombe asipofuke," alisema Mama Subiri, lakini tayari alikuwa amekwisha weka sikio kwenye boksi.

Bustani ya nyuma ilikuwa hatua kumi na mbili kwa tisa, na hatua zenyewe za mtu mwenye goti bovu. Nyumba za mtaa ule zilijengwa zimeshikana mabega, kiasi kwamba jirani akikoroga chai unajua ameweka sukari vijiko vingapi. Upande wa kulia alikaa nesi wa zamu ya usiku, binti mpole aliyelala kuanzia saa mbili asubuhi, pamba masikioni. Upande wa kushoto, nyuma ya uzio wa mbao uliofika kifuani, alikaa Mwalimu Breki.

Mwalimu Breki alikuwa amefundisha watu udereva karibu maisha yake yote, katika gari lenye breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia haukuwahi kustaafu. Mtoto akipita mbio barabarani, mguu wa Mwalimu unakanyaga chini. Akitazama mpira kwenye televisheni, zulia linaumia. Siku kuku walipoingia bustanini, alitokea juu ya uzio na futi ya kupimia.

"Mama, banda linatakiwa liwe mita tatu kutoka mpakani."

"Mwalimu, nikitoa mita tatu huku na mita tatu kule, kuku wangu watakaa hewani."

"Mimi nasema utaratibu tu."

"Na mimi nasema hesabu tu."

Damu zao zikakataa kupatana tangu siku hiyo. Walisalimiana, kwa sababu wote walilelewa, lakini salamu zenyewe zilikuwa kavu kama mkate wa juzi.

Kuku walikua. Mama Subiri aliwapa majina kwa sauti zao, kama alivyozoea. Mmoja alipiga kelele kana kwamba anaongea na mtu wa nchi ya pili, akaitwa Simu ya Mbali. Mwingine alikaa akinung'unika mfululizo bila kupokewa, akaitwa Mapokezi. Wa tatu sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, inakatika na kurudi, akaitwa Laini Mbovu, na huyo ndiye aliyependwa kuliko wote. Wa nne alikuwa kimya, mnyoofu, anatembea kifua mbele na haingilii mazungumzo ya watu. Akaitwa Katibu Muhtasi.

Asubuhi moja, nesi akiwa ndiyo kwanza ameufunga mlango wa chumba chake, Katibu Muhtasi alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha shingo, akatoa sauti kama ya lango lenye kutu linalofunguliwa na mtu mwenye hasira. Kisha akarudia, safari hii kwa ufasaha zaidi.

Nesi alitokea mlangoni na gauni la kulalia, pamba ikining'inia sikio moja.

"Mama," alisema kwa upole uleule anaoutumia kuwapa watu habari mbaya, "huyo Katibu wako ni mwanamume."

Mwezi mzima Mama Subiri alipigana vita asivyoviweza. Alimfunika jogoo kwa tenga, akawika ndani ya tenga. Alimfungia kwenye boksi lenye blanketi, akawika kwa sauti nzito kama ya mhubiri. Akamhamishia bafuni, na hapo ndipo alipokosea kabisa, kwa maana bafu lilikuwa na vigae mpaka darini, likaipokea ile sauti, likaizungusha, likaitoa ikiwa mara mbili. Nesi, kwa kukosa usingizi, alianza kuweka dawa za wagonjwa wake mfuko mmoja na sabuni. Mwalimu Breki yeye aliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa herufi kubwa, na chini yake akachora mchoro kama wa ajali ya barabarani: nyumba zote, banda, na mishale inayoonyesha sauti imetoka wapi na imemgonga nani.

Mwenyekiti alikuwa kinyozi, mtu asiyependa ugomvi kwa sababu pande zote mbili hunyolewa kwake. Alikuja, akatazama mchoro, akamtazama jogoo, akasema, "Mama, mpe mtu mwenye nafasi." Basi Jumamosi hiyo Katibu Muhtasi akachukuliwa na muoka mikate wa mtaani, aliyekuwa na shamba nje ya mji. Mama Subiri alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamshika ukucha mmoja kama anayempa mtu mkono wa heri.

Jumatatu yake Laini Mbovu akatoweka.

Wiki mbili kabla ya hapo kuku huyo alikuwa ameacha kutaga bandani. Mama Subiri alidhani ni haya za mwanzo, akampa muda. Sasa hakuwapo kabisa. Alimtafuta chini ya sinki, nyuma ya mapipa, ndani ya mabomba. Nesi alifuta usingizi wa siku nzima akamsaidia kutafuta, akiita "Laini! Laini!" mpaka fundi wa simu aliyekuwa anapita akasimama kuuliza kama wamekatiwa. Walichopata ni manyoya matatu ya kahawia, chini ya uzio wa upande wa kushoto, palipokuwa na ubao uliooza kidogo.

Na Jumapili iliyofuata, kutoka dirisha la jikoni la Mwalimu Breki, ikatoka harufu ya kuku wa kukaangwa.

Mama Subiri aliweka kijiko chini. Akajumlisha ubao na manyoya, akajumlisha na harufu, akapata jibu. Kesho yake asubuhi alimvizia Mwalimu akimwagilia maua.

"Mwalimu, jana umekula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

Mwalimu alizima mpira wa maji. "Mama, mimi nina miaka sitini na nane. Sijaulizwa swali hilo kwa sauti hiyo tangu nilipooa."

"Mtu asiye na la kuficha anajibu."

"Na mtu mwenye adabu haulizi."

Hapo yangeweza kuishia uzioni. Lakini Mama Subiri alikwenda dukani kununua kiberiti, na moyo ulikuwa umejaa. Alimwambia mwenye duka peke yake, tena kwa kunong'ona. Tatizo ni kwamba mtu aliyeongea kwenye simu mbovu miaka thelathini na moja hana mnong'ono. Ana sauti ndogo inayofika mbali. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Watu wakawa wakikutana na Mwalimu Breki wanamuuliza kama amekwisha kunywa mchuzi. Mwanafunzi mmoja, kati ya wachache aliobaki nao, katikati ya somo la kurudi nyuma, alimuuliza kama ni kweli kuku wa wizi ni mtamu zaidi. Mwalimu alikanyaga breki, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Siku hiyohiyo akaandika barua ya pili. Alitaka kikao, na alitaka kifanyike kwake, mchana kweupe, jina lake lisafishwe mbele ya watu.

Kikao kilikaa Jumapili saa nne asubuhi, wiki ya tatu tangu kuku apotee, katika ua wa nyuma wa Mwalimu. Viti vinne vilipangwa mstari mmoja kama kwenye mtihani. Kwa upande mmoja palikuwa na maua yaliyokatwa sawasawa, na kwa upande mwingine gari dogo lililofunikwa turubai la kijivu. Ubavuni mwa gari matairi mabovu yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine. Mama Subiri alikuja na yale manyoya matatu ndani ya bahasha. Nesi alikuja kutoka kazini moja kwa moja, akasinzia kabla kikao hakijafunguliwa.

"Mlalamikaji ni nani?" aliuliza mwenyekiti, daftari mapajani.

"Mimi," walisema wote wawili.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Aliinua boksi tupu la mgahawa, lenye mafuta pembeni, kama wakili anayeonyesha kielelezo. "Hiki ndicho nilichokula. Kimenunuliwa. Mapaja mawili."

"Kuku wangu naye alikuwa na mapaja mawili," alisema Mama Subiri.

"Mama, kila kuku ana mapaja mawili."

"Ndiyo maana nasema."

Mwenyekiti aliandika kitu, akakifuta. Mwalimu akaanza kueleza, akihesabu kwa vidole, kwamba maisha yake yote hajawahi kuvuka hata mstari wa barabara usioruhusiwa, sembuse uzio wa mtu. Alikuwa amefika kidole cha tatu Mama Subiri alipoinua mkono.

"Subiri kidogo," alisema.

Wakasubiri. Aliligeuza lile sikio zuri pole pole, kama mtu anayetafuta stesheni. Kulikuwa na sauti. Ilikuwa ya chini sana, ya mikwaruzo, inakatika na kurudi. Chini ya sauti hiyo, mbali kabisa, kulikuwa na nyingine nyembamba mno, nyingi-nyingi.

Alisimama akaliendea gari. Mwalimu Breki alikuwa amefika kabla yake, amesimama mbele ya mlango wa dereva, mikono kaitandaza.

"Gari hili halifunguliwi."

"Kwa nini halifunguliwi?"

"Halifunguliwi tu. Mwaka wa nne sasa."

Mwenyekiti aliinua kalamu. Hata mtu asiye na shaka angeanza kuwa nayo. Lakini nesi, aliyekuwa amezinduka, alisema polepole kutoka kwenye kiti chake, "Mama, hilo ni gari la marehemu mkewe."

Mama Subiri alishusha mkono.

Mwalimu alijikohoza. Pengine ni kwa sababu watu wote walikuwa wamekaa wanamtazama, pengine ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, alianza kusema. Watu aliowafundisha hawana idadi, alisema, lakini mkewe alimshinda. Siku ya kwanza ya somo alimkanyagia breki mara kumi na moja kabla hawajafika getini. Mkewe akazima gari, akashuka, akaenda kujiandikisha kwa mwalimu mwingine, mshindani wake wa barabara ya juu, na akafaulu kwa mara ya kwanza. Kisha akanunua gari hili. Aliliendesha miaka tisa, na katika miaka hiyo yote Mwalimu alipanda kiti cha nyuma, kwa amri.

"Alikuwa anaendesha vizuri," alisema. "Sikumwambia."

Halafu Mama Subiri akasema, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa mnong'ono wa kweli, "Basi usilifungue, Mwalimu. Weka sikio tu."

Mwalimu aliinama, akaweka sikio kwenye turubai. Uso wake, uliokuwa umekunjamana kama karatasi ya bahasha iliyokwisha kusomwa, ukaanza kukunjuka. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa ufunguo. Wote wakaelewa kwamba ufunguo ule huwa uko pale siku zote.

Alipoinua turubai na kufungua mlango ndipo mambo yalipojieleza. Lilikuwa limechanika nyuma, na kioo cha dirisha hakikupandishwa mpaka juu. Yale matairi mabovu yalikuwa ngazi. Na juu ya kiti cha dereva, manyoya yamemsimama, alikaa Laini Mbovu. Aliwatazama kama dereva aliyegongewa kioo na mtu asiyemjua. Mwalimu aliponyoosha mkono alidonolewa kifundo cha mkono, akarudi nyuma, na mguu wake wa kulia ukakanyaga nyasi.

"Yanalia," alisema nesi, ambaye alikuwa amepiga magoti. "Mayai yanalia."

"Yako njiani," alisema Mama Subiri. "Leo usiku au kesho."

Kisha akageuka, akamkabili Mwalimu mbele ya mwenyekiti na daftari lake. "Nimekukosea. Nimekuita mwizi, na nimekuita dukani. Naomba unisamehe."

"Umeniita mla kuku," alisema Mwalimu, maana alikuwa mtu wa utaratibu. "Hilo ni kweli kidogo. La wizi nimesamehe."

Mama Subiri hakuishia hapo. Alikwenda dukani siku hiyohiyo, akasimulia jinsi alivyojiaibisha, na wateja walipobadilika akasimulia tena, mara tatu, mpaka mwenye duka akamwomba apumzike. Watu walicheka sana, lakini sasa walimcheka yeye, na aliona ni haki yake.

Vifaranga walianguliwa Jumatatu mchana, wanane kati ya mayai kumi na moja. Mwalimu Breki alikuwa ameweka kiti kando ya mlango wa gari tangu alfajiri na hakumruhusu mtu yeyote kubamiza kitu. Mwenyekiti alipopita kuuliza kama ugomvi umekwisha, alikuta umeanza mwingine.

"Mayai yalikuwa yangu," alisema Mama Subiri.

"Kiti kilikuwa changu."

"Kiti hakiatamii."

"Kimekaa miaka minne bila kulalamika. Kuku wako kakaa wiki tatu tu."

Mwenyekiti aliandika "wamegawana", akafunga daftari, akaenda kunyoa. Wao walikuwa hawajagawana chochote, lakini neno lilikuwa limekwisha andikwa, ikabidi walifuate. Ubao uliooza uling'olewa, pakawekwa kilango kidogo chenye bawaba. Mwalimu alikipaka rangi nyekundu na nyeupe, na pembeni akasimika kibao cha kupunguza mwendo. Kuku hawakupunguza. Yeye alisimama pale kila jioni akiwahesabu wanaoingia na wanaotoka, na ole wake Simu ya Mbali akipita bila kutazama pande zote mbili.

Nesi alikuja kulalamika mara moja tu, kwa upole, kwamba sasa si kuku wanaomwamsha bali wao wawili wakibishana uzioni asubuhi. Walimwomba radhi kwa pamoja, kwa sauti kubwa.

Laini Mbovu alipohamisha watoto wake kwenda bandani, gari lilibaki katika hali isiyoelezeka mbele ya watu wanaokula. Mwalimu alilisafisha kwa siku mbili. Alisugua kiti kwa sabuni, akatoa mazulia, akafungua milango yote minne ipigwe na upepo. Chini ya kiti cha dereva alikuta kitambaa cha kichwa, cha rangi ya zambarau, kimesinyaa kwa vumbi. Alikifua peke yake, kwa mkono, akakianika katikati ya kamba. Mama Subiri alikiona kutoka jikoni kwake. Yeye ambaye hakuna jambo la jirani lililowahi kumpita bila swali, alivuta pazia, akaendelea kuchambua mchele.

Miezi ikaenda. Watatu kati ya wale wanane wakaanza kuota vilemba vyekundu na kutembea kifua mbele. Nesi alikuwa wa kwanza kuwaona.

"Mama, safari hii wasituwahi," alisema.

Muoka mikate alikubali kuwachukua, lakini pikipiki yake ilikuwa gereji. Mwalimu Breki alisikia, akazunguka ua wake mara mbili, akasema kwamba kwa kweli betri mpya ndiyo tu iliyohitajika. Fundi alikuja, akaifunga, na gari likawaka mara ya pili tu, likatoa moshi na unyoya mmoja.

Waliondoka saa tatu asubuhi. Mwalimu alikaa kiti cha dereva. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale. Alirekebisha kioo, akakirudisha kilivyokuwa, akaona anaweza kuona vizuri tu. Mama Subiri alipanda nyuma na boksi mapajani, kwa kuwa Mwalimu alimwambia nyuma ndiko kunakofaa, na yeye aliona hapo si pa kubishana.

Sasa alikuwa na breki halali chini ya mguu, na aliitumia bila choyo. Alipunguza kwenye kona, akapunguza kwenye kivuli cha mti, akapunguza penye kibao kilichosema mwisho wa kupunguza. Malori yaliwapita. Trekta liliwapita. Nje ya mji, kwenye kimlima kidogo, walipitwa na mzee mmoja wa baiskeli aliyebeba kreti mbili za soda, akawapungia mkono.

"Ana haraka gani yule?" aliuliza Mwalimu.

Mama Subiri alikuwa ameinamisha sikio kwenye boksi. "Mwache aende, Mwalimu," alisema. "Sisi tumebeba watoto."